Kisima Kilifunuka

Wewe uliyekaa mbele, unaweza kumtazama mtu usoni ukamwambia akafe? Haya, paukwa!

Pakawa!

Pakawa na mji, na mji una kisima.

Na kisima kina maneno!

Hapo kale, katika mji huo, kesi ya mauaji haikuamuliwa na kadhi peke yake. Walikaa naye raia watatu, na bila wote kukubaliana hanyongwi mtu. Siku ya kisa hiki walikuwa seremala, aliyeitikia kila alichosema kadhi. Mshona kofia, aliyesinzia kwa heshima zote. Na Bi Zuwena, muuza vitumbua, aliyeogopa neno lake mwenyewe.

Mzee Shaame alikutwa amekufa kisimani kwake. Siku moja kabla, mchota maji wake, Makame, aligombana naye, na majirani walimsikia akifoka: "Nitakutosa humo!" Basi akashtakiwa yeye.

"Hasira tu, bibi," Makame alimwambia Bi Zuwena. "Mke wangu naye husema ataniua, na bado ananipikia."

Watu wakacheka. Kadhi hakucheka.

"Anyongwe," akasema. Seremala akaitikia. Mshona kofia akazinduka, akaitikia. Likabaki neno la Bi Zuwena.

Alilitoa? Wapi! Alimgeukia Mwanasha, binti wa marehemu.

"Ilikuwaje, mwanangu?"

"Kisima kilifunuka, bibi. Baba alikuwa haoni vizuri. Akaanguka."

Sasa, Bi Zuwena amelea watoto. Mtoto gani amewahi kuvunja kikombe? Kikombe huvunjika. Maziwa humwagika. Sukari huisha. Mnacheka kwa sababu mnajijua!

"Kilifunuka?"

"Kilifunuka."

"Chenyewe?"

"Kifuniko... kiliondoka."

"Bibi!" kadhi akang'aka. "Huyu amefiwa!"

"Ndiyo maana namuuliza polepole, bwana kadhi."

Bi Zuwena akaacha kiti chake cha hukumu, akaketi mkekani kando ya Mwanasha, akamshika mkono.

"Ulimpenda baba yako. Hilo hakuna wa kukunyang'anya. Lakini Makame naye ana watu wanaompenda, na wanamngoja. Nani alikifunua, mwanangu?"

Mwanasha akamtazama Makame. Akautazama mkono ulioshika wake. Machozi yakamshuka.

"Nilikifunua mimi," akasema. "Makame alinuna, hakuja. Nikachota mwenyewe maji ya chai ya baba. Nikasahau kukifunika."

Bi Zuwena, bila kuuachia mkono ule, akatoa neno lake: "Hanyongwi mtu."

Ngano imefika kwao. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni mwenyewe.