Mwandani wa Malkia na Barua ya Yaya

Wapendwa, leo nawavusha bahari. Msinong'one kwamba mchungaji ameishiwa mifano ya hapa kwetu mpaka anakwenda kuazima Uingereza. Ya mkulima na jembe lake nimewapa mingi, mkaitikia amina, mkaenda kula. Basi leo tukae kidogo kwenye jumba la Malkia. Na huyo Malkia msihangaike kumtafuta ni yupi, maana nimemtunga mimi.

Katika jumba hilo alikuwamo mama mmoja wa ukoo mkubwa, ukoo wenye mashamba na picha za mababu ukutani. Kazi yake ilikuwa kumsindikiza Malkia. Kazi hiyo huombi kwa barua na vyeti; unazaliwa karibu nayo, halafu unaitwa. Akawa mwandani wa Malkia. Anatembea hatua mbili nyuma yake, anapokea maua ambayo Malkia amepewa, anamshikia glavu za akiba. Malkia akisimama, naye anasimama, hata miguu ikiwaka moto. Na hasemi lake. Ukimuuliza jambo atakujibu kwamba Malkia amefurahi, au Malkia anawashukuru sana. Aliifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa, na aliifanya vizuri. Msimcheke. Kumtumikia mkubwa bila kujitanguliza si jambo dogo. Wamo humu ambao hata kumpisha mwenzao mlangoni kunawashinda.

Sehemu ya kazi yake ilikuwa barua. Watu wa nchi nzima walimwandikia Malkia: aliyefiwa, aliyetimiza miaka mia, aliyegombana na jirani kwa ajili ya uzio. Malkia asingeweza kuwajibu wote, kwa hiyo wandani wake walijibu kwa niaba yake, kwa mkono. Mwanzoni mama yule alisoma kila barua mpaka mwisho, na nyingine zilimliza. Lakini mazoea yana taabu. Ikafika mahali anasoma mistari miwili ya juu tu, anajua hii ni ya mgonjwa, hii ni ya harusi, anaandika yale yale ya siku zote.

Siku moja ikaja barua ya bibi kizee aliyekuwa akitunzwa katika nyumba ya wazee, mbali huko kaskazini. Mstari wa kwanza ulisema kwamba anaumwa na hatarajii kupona. Mama yule hakuhitaji zaidi. Akaandika kwamba Malkia amemwagiza amshukuru kwa barua yake, ameguswa na habari za ugonjwa wake, na anamtakia nafuu. Akatia sahihi, akaenda kunywa chai.

Wiki mbili baadaye ikaja barua nyingine, ya msimamizi wa nyumba ile ya wazee. Alieleza kwamba bibi alisomewa lile jibu, na alipotajiwa jina la aliyetia sahihi alifurahi mpaka akashindwa kula. Lakini tangu siku ile anauliza swali moja tu: kama aliyeandika ni yule mtoto wake, mbona hakujibu alichoulizwa?

Mtoto wake? Mama yule akaenda kwenye jalada, akaitoa barua ya kwanza, na safari hii akaisoma mpaka chini. Iliandikwa hivi: "Mmoja wa wandani wako nilimlea mimi tangu akiwa na siku tisa. Sitaki kitu. Nataka nisikie neno lake moja kabla sijafa. Kumwandikia mwenyewe naona haya, maana tangu aolewe hajaniandikia."

Chini kulikuwa na jina kamili, na mama yule hakulijua. Ndugu zangu, katika nyumba zile kubwa mtoto halelewi na mama yake. Mama anamwona jioni kidogo, amevaa vizuri, halafu anaaga. Anayemwogesha mtoto, anayekesha naye akiumwa surua, anayemfundisha kusali, ni yaya. Na maisha yake yote huyu mama alimwita hivyo hivyo, Yaya. Hakuwahi kuuliza jina. Mnatikisa vichwa? Nendeni nyumbani mkawaulize watoto wenu yule dada anayewapikia uji anaitwa nani kwao, na baba yake ni nani. Kisha mje mtikise vichwa.

Mama yule akaomba ruhusa, akapanda treni. Njia nzima aliona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na hofu kwamba atakuta kitanda kitupu.

Hakukikuta kitupu. Bibi alikuwa hai, mdogo kama mtoto ndani ya mablanketi, macho yake yameingia ukungu. Aliposikia hatua alidhani ni mmoja wa wale kina mama wa kanisa wanaokuja kutazama wagonjwa. Akaingiza mkono chini ya mto, akatoa bahasha iliyochakaa kwa kushikwashikwa.

"Mama, nisaidie kunisomea," akasema. "Wasichana wa hapa wanasoma mbio mbio. Wewe nisomee taratibu."

Mtu angesema nini hapo? Mama yule alitaka kujitaja, ulimi ukagoma. Miaka kumi na tisa alikuwa amesema maneno ya mwingine, na sasa lake mwenyewe halikuja. Akaipokea barua, akaisoma kwa sauti yake, taratibu kama alivyoombwa. Malkia ameniagiza. Malkia ameguswa. Malkia anakutakia nafuu. Kila neno lilikuwa la kweli na la heshima, na kila neno lilimchoma.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hayo ni ya Malkia, na Mungu ambariki. Na yeye mwanangu, amesema nini?"

Mama yule akaigeuza karatasi, kana kwamba nyuma kutakuwa na kitu. Hapakuwa na kitu. Akaiweka kitandani, akaushika ule mkono uliokuwa ukimwogesha.

"Yaya, ni mimi. Nimekuja."

Bibi akakipapasa kiganja chake. Halafu akasema, "Sasa mbona hukuanza na hilo?"

Wapendwa, sisi nasi ni watu wa jumbani, tena jumba kubwa kuliko lile. Tumekaa karibu na Mfalme miaka mingi, tumeyazoea maneno yake, na tunayagawa bure. Bwana anakupenda. Mungu akutie nguvu. Ni maneno ya kweli, sikatai. Lakini aliyelala kitandani anayajua hayo kabla hujamwambia, pengine kukuzidi. Anachongoja ni lako wewe. Je, unadhani Mfalme alikutuma ili ujifiche nyuma ya jina lake?

Mama Anaeli wa kwaya yetu huu ni mwezi wa pili yuko ndani na mguu wake. Kwenye kundi la simu la kwaya nimeona "Mungu akuponye" zimepangana kutoka juu mpaka chini, na nyingine zina maua. Jana nilikwenda kwake. Alikuwa ameishika simu yake, anazisoma. Akaniuliza bila hasira yoyote, "Mchungaji, hawa wenzangu siku hizi wamehamia wapi?"

Na hata mimi, jana ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika. Nyumba yake iko nyuma ya kanisa hili. Ukitoka mlango ule, unafika kwake kabla wimbo wa kutokea ibadani haujaisha.