Kapu la Tatu la Bi Nungu

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo pakawa ya nani, ya mgonjwa? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Wewe uliyenyoosha miguu mkekani, ikunje, mwenzio apate pa kukaa. Na ninyi wakubwa mliojibanza mlangoni mkijifanya mmekuja kuomba moto, ingieni tu. Hii ni yenu zaidi kuliko ya watoto.

Hapo zamani, zamani za kale kweli, wanyama walikuwa wakulima. Walilima karanga. Maji walichota lambo moja, na mwenye kulisimamia alikuwa Mzee Kiboko, mkubwa wao. Lambo lile lilitaka kuzolewa tope kila mwaka. Waliozoa tope walitaka kula. Kwa hiyo kila aliyevuna alitoa kodi, na kodi ilikuwa karanga. Katika kila pishi kumi, pishi moja. Mwenye nyingi alitoa, mwenye chache alitoa. Panya alivuna pishi tano tu, akakatwa nusu pishi. Wanawe wakaguguna maganda.

Mwaka mmoja Kiboko akasema, hapana, hii haifai. Akaipanga upya. Akamwita Hondohondo, yule ndege mwenye mdomo kama jembe, akamwambia, "Nenda katangaze."

Sasa, wanyama wale walikuwa na tabia yao. Wakisikia neno "kodi", wanakimbia. Enzi za babu zao, aliyewahi kufika nyumbani ndiye aliyewahi kuficha. Kuficha kwenyewe kulishakwisha siku nyingi, maana Ngiri karani alikuwa anapekua mpaka uvunguni. Lakini mbio zilibaki. Mtoto alizaliwa nazo.

Na Hondohondo naye alikuwa na yake. Akitangaza, anatanguliza lililo zito, halafu anakunywa maji, ndipo anaendelea.

Akatua juu ya mti mkavu uwanjani. Wanyama wote wamekusanyika.

"Hoo! Hoo! Kodi imebadilika! Pishi zikizidi ishirini, nusu!"

Akainama kwenye kibuyu chake, glu, glu, glu.

Lo! Vumbi! Tumbili huyo matawini, kwacha kwacha kwacha. Panya shimoni, pyu! Bi Nungu, nungunungu wetu, miiba cha-cha-cha-cha mpaka mlangoni kwake.

Hondohondo akainua kichwa. Uwanja mweupe. Mnadhani aliwaita? Wapi! Akaendelea kutangaza. Kazi yake ni kutangaza, kusikia si kazi yake.

Lakini uwanja haukuwa mtupu kabisa. Konokono alikuwepo. Msidhani alibaki kwa akili, hana akili kuwazidi wengine. Na yeye alikuwa anakimbia. Ila mbio zake zilikuwa bado hazijatoka uwanjani.

Basi akasikia yote.

"Baba Hondohondo," akasema, "wenzangu hawakusikia mwisho. Warudie."

"Nimeshatangaza."

"Umeutangazia mchanga."

"Basi mchanga umesikia. Mimi natangaza mara moja." Akaruka zake, hoo, hoo.

Konokono akashika njia. Nyiri, nyiri, nyiri. Alikuwa anaogopa kusahau, kwa hiyo akawa anaimba:

*Kapu la kwanza haliguswi.*
*Kapu la pili latoa moja.*
*Kapu la tatu latoa nusu yake,*
*nusu yake lenyewe, si ya ndugu zake.*
*Aliyepokea mtoto wa mwenziwe*
*arudishiwe, ila aseme mwenyewe.*

Tumwache huko njiani, hatatupotea. Twende kwa Bi Nungu.

Bi Nungu alikuwa na vinywa vitatu vya kulisha. Chake kimoja, na viwili vya watoto wa marehemu dada yake, Sindano na Msumari. Moto wa nyika ulimchukua mama yao wangali hawajaota miiba. Wakamwita Bi Nungu mama, naye akaitika. Na kule kwao, neno "yatima" halitamkwi mbele za watu. Ukilitamka, umemsimanga mtoto. Kwa hiyo hakuna aliyelitamka.

Bi Nungu alikuwa ameshapiga hesabu yake. Pishi ishirini na mbili. Hizo ndizo zingewafikisha mavuno mengine, watatu hao, bila kuomba kwa mtu. Ghalani alikuwa na ishirini. Shambani yalibaki matuta manne, na kila tuta pishi moja. Akachukua jembe, anakwenda kuchimba.

Tumbili huyo juu ya uzio. Tumbili huyu tangu aachishwe ziwa hajawahi kusema "sijui".

"Dada Nungu! Usiyaguse hayo matuta!"

"Yamekufanyaje, Kaka Tumbili?"

"Hukusikia? Zikizidi ishirini, nusu! Una ishirini ndani. Chimba hizo nne, zinakuwa ishirini na nne. Ngiri anakata katikati, paa! Kumi na mbili zake, kumi na mbili zako."

"Ndivyo alivyosema?"

"Kwa masikio yangu haya!"

"Ulisikia mpaka mwisho?"

"Mwisho upi? Kodi ina mwisho? Mimi mwenyewe nimeacha matuta sita yaoze. Nife kwa jembe langu, wengine wale? Thubutu!"

Bi Nungu akakaa chini, akahesabu kwa vidole. Ishirini na nne, zikatwe nusu, zibaki kumi na mbili. Ishirini, zitoke mbili kama zamani, zibaki kumi na nane. Kumi na nane si ishirini na mbili. Lakini si kumi na mbili pia. Akainuka, akarudisha jembe ndani.

Msimcheke. Nani hapa hajawahi kuchagua njaa ndogo akaiacha kubwa?

Siku hiyo akapakua chakula kidogo. Na siku ya pili kidogo.

"Mama," akasema Msumari, "zile za matutani ni za nani?"

"Si zetu."

"Za Kiboko?"

"Si za Kiboko."

"Basi za nani?"

"Kula, unyamaze." Akasogeza sahani yake mwenyewe mbele yao, akasema tumbo linamkata.

Siku ya tatu. Siku ya nne. Mawingu yakakusanyika, meusi kama masizi ya chungu. Ngoma ya kupima ikalia mara ya kwanza, ndu! Ikilia mara ya tatu, Ngiri anafunga daftari. Na hapo nje ya uzio Bi Nungu akasikia kisauti:

*Kapu la kwanza haliguswi...*

"Nani huyo?"

"Mimi Konokono, mama. Natoka uwanjani."

"Uwanjani tulitoka juzi kule!"

"Ninyi ndio mliotoka. Mimi ndio naingia. Mama, mbona matuta yako hayajachimbwa?"

Akamweleza. Nusu, kumi na mbili, Tumbili, yote. Konokono akatoa pembe zote mbili.

"Hapana, mama! Leta makapu matatu."

Akaleta.

"Tia pishi kumi kapu la kwanza. Hilo haliguswi, ni la tumbo lako. Kumi nyingine tia la pili. Hilo latoa pishi moja. Sasa hizo zilizozidi ishirini zitie la tatu. Hilo ndilo linalokatwa nusu, na nusu ni yake lenyewe. Kapu la tatu haliingizi mkono kwenye makapu ya ndugu zake."

Bi Nungu akayatazama makapu. Akayatazama tena.

"Kwa hiyo nikiwa na ishirini na nne, la kwanza halitoi kitu. La pili moja. La tatu lina nne, linatoa mbili. Natoa tatu tu?"

"Tatu tu."

"Nabaki na ishirini na moja?"

"Umesema wewe. Bado kuna la mwisho. Aliyepokea mtoto wa mwenziwe arudishiwe pishi moja kwa kila kinywa. Lakini aseme mwenyewe mbele ya Ngiri. Ngiri haulizi."

Bi Nungu akageuza macho. Wanawe walikuwa wamesimama pale pale, wanasikiliza. Ngoma ikalia mara ya pili, ndu!

Akanyakua jembe. "Sindano! Msumari! Shambani!"

Tifu, tifu, tifu. Tuta la kwanza likatoka. Tifu, tifu. La pili. Tumbili huyo juu ya uzio anajishika mbavu. "Dada Nungu umerogwa! Unamsikiliza konokono? Konokono!"

"Shuka uchimbe yako, Kaka Tumbili, mvua hiyo!"

"Mimi? Nifundishwe na mwenye kamasi?"

To, to, to. Matone. Tuta la tatu likatoka. Halafu, chwaaa! Mbingu ikamwagika. Tuta la nne wakaliona kwa macho linakatika, linateremka bondeni na karanga zake, linakwenda. Msumari akataka kulifuata. Bi Nungu akamdaka mkia.

"Liache. Tuna ishirini na tatu. Bebeni."

Wakafika kwa Ngiri wamelowa chapachapa. Wanyama wamejaa, kila mmoja na ishirini zake au pungufu, hakuna aliyezidi hata konzi. Ngiri akapima za Bi Nungu. Akapima mara mbili, maana hakuamini.

"Ishirini na tatu," akasema. Watu wakaguna. Tumbili akafumba macho, asione mwenzake anavyokatwa katikati.

"La kwanza, hakuna. La pili, moja. La tatu lina tatu, nusu yake ni moja na nusu. Jumla unatoa mbili na nusu. Zako ishirini na nusu. Mwingine!"

Tumbili akafumbua jicho moja. "Mbili na nusu tu?"

Lakini Bi Nungu hakuondoka. Ishirini na nusu si ishirini na mbili. Akatazama chini. Wanawe huku na huku wamemshika. Watu wote macho kwake. Na mpiga ngoma ameinua fimbo, anangoja.

"Una neno?" akasema Ngiri.

"Ninalo." Miiba ikamsimama, cha. "Nirudishie pishi mbili."

"Kwa lipi?"

"Nina watoto wawili. Wamezaliwa na dada yangu."

"Ahaa. Yatima."

Hata Hondohondo akaacha kunywa. Sindano akainamisha kichwa.

"Wewe Ngiri," akasema Bi Nungu, "sheria ya mzee wako inasema aliyepokea mtoto wa mwenziwe. Haikusema anayemsimanga. Yatima hana mama. Hawa wanaye, huyu hapa, amelowa, na hana siku nzima. Andika watoto wawili."

Ngiri akamtazama. Akatazama daftari. Kweli, ndivyo ilivyoandikwa.

"Watoto wawili," akaandika. "Unatoa nusu pishi. Zako ishirini na mbili na nusu."

Ndu! Ngoma ya tatu. Daftari likafungwa, pa!

Ndipo zogo likaanza. "Hata mimi nina mtoto wa mwenzangu!" "Mimi wawili!" "Mbona hukutuambia?" Ngiri akasema, "Hamkuuliza." Hondohondo akasema, "Nilitangaza." Tumbili je? Alikuwa mbioni kwenda kwenye matuta yake sita, kwacha kwacha kwacha, na mbio zile zilikuwa nzuri sana, ila alizielekeza shambani siku ya nne. Alikuta maji.

Kiangazi kilipobana, Tumbili akaja kusimama nje ya uzio wa Bi Nungu. Safari hii hakupanda juu. Bi Nungu akampimia konzi mbili kutoka ile nusu iliyozidi. "Mwakani," akamwambia, "ukisikia neno kodi, kaa." Na Konokono mwakani hawakumwacha atembee. Walimbeba mgongoni wakaenda naye uwanjani, wakakaa, wakamsubiri Hondohondo amalize maji yake.

Basi mafunzo yake ni haya, sina ya kuzungusha. Neno linalogusa chakula chako lisikilize mpaka mwisho. Kinachokatwa nusu ni kile kilichozidi, si vyote ulivyo navyo. Na haki yako ya kurudishiwa idai kwa mdomo wako, kwa sababu anayeshika daftari hatakukumbusha.

Hadithi yangu imefika hapo, imekaa kitako, haiendi tena. Na wewe uliyeinuka kabla sijamaliza, rudi. Nilikuona.