Ruhusa Iliyoshikwa na Meza

Hapo zamani, si zamani sana, maana uchovu wake bado ninao mgongoni, palikuwa na karakana ya viti huko Tukuyu. Mwenye karakana alikuwa Bi Tumpale. Alikuwa na mashine ya kuchonga mbao kwa kompyuta, na mashine hiyo haikubana mbao kwa jiriwa. Pampu ilifyonza hewa kupitia ubao wa MDF, yaani wa unga wa mbao ulioshindiliwa, uliotandikwa juu ya meza, ili kinachochongwa kishikwe na mvuto huo.

Lakini hakikushikwa. Wakachonga migongo ya viti vya shule, ikateleza. Wakarudia, ikateleza. Wakarudia tena, ikateleza. Wiki tisa hakuna aliyepumzika, hata Jumapili. Siku kipande kiliporuka kikapita karibu na sikio la fundi mmoja, Bi Tumpale akasema, "Mimi nimechoka, na nyie mmechoka. Atakayeifanya meza ishike atapata ruhusa ya wiki moja. Mmoja tu, maana wawili wakiondoka kazi inalala."

Ambokile, fundi wa rangi, akawasha udi, akauzungusha mezani. Juu ya ubao moshi ulipanda zake. Ubavuni ukamezwa. "Hewa inaingilia kingoni," akasema, "na juu haipiti kabisa." Akaziba kingo zote kwa rangi nzito.

Lutengano, fundi mzee wa viti, akainamisha kichwa. "Juu na chini nilipaka vanishi mimi. Miaka thelathini sijaacha ubao mtupu. Huu niliuonea haya." Akaukwangua siku nzima, pande zote mbili, mpaka ukapitisha hewa.

Vipande vikubwa vikashika. Vidogo vikaendelea kuruka. Sekela, wa kompyuta, akaamuru mashine isikate mpaka chini. Ibakize ngozi nyembamba kama karatasi, wao waimalizie kwa kisu. Hakuna kilichoruka tena.

Ikabaki ruhusa.

"Bila moshi wangu mngekuwa mnailaumu pampu mpaka leo," akasema Ambokile. "Nina mtoto wa miezi miwili. Nikimbeba analia, hanijui."

"Bila kazi yangu moshi wako ungebaki moshi," akasema Lutengano. "Nimekwangua mpaka mgongo haunyooki."

"Umekwangua kosa lako, baba," akasema Sekela. "Ndilo lililotuchosha wiki zote hizi. Na bila mimi vipande vingekuwa vinaruka bado. Mama yangu amepasuliwa, sijaenda kumwona."

Lutengano akasema, "Ni kweli. Lakini ningeweza kunyamaza, na mngeamini ubao ulikuja hivyo."

Bi Tumpale akaandika barua ya ruhusa, akaacha nafasi ya jina, kalamu ikaisha wino. Akaiweka barua kwenye meza ya mashine atafute kalamu nyingine. Pampu ilikuwa inanguruma. Alipoivuta barua, haikutoka. Meza ilikuwa imeishika. Wote wanne wakasimama wakiitazama, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kwenda kuizima pampu.

Mimi nimeshindwa kuamua. Ninyi mlioketi mkapumzika, nisaidieni: Ambokile aliyeliona kosa, Lutengano aliyelikiri na kulifuta, au Sekela aliyeimaliza kazi? Je, liandikwe jina la nani?