Bi Mize na Mikunjo ya Macho

Zamani hizo, wanangu, uso wa mtu ulikuwa haujui kuzeeka. Nywele ziliota mvi, meno yaling'oka, mgongo uliinama, magoti yalilia kama mlango usiotiwa mafuta. Lakini uso, na hasa hapa pembeni mwa macho, ulibaki laini kama yai lililomenywa. Ukiwakuta wanawake watatu wamekaa barazani, bibi na mama na mjukuu, ilikubidi uwatazame mikono kwanza ndipo ujue nani wa kumwamkia shikamoo.

Ulaini huo haukuja bure. Ulikuja kwa liwa. Nanyi mnaijua liwa, ule mti wa harufu nzuri unaosuguliwa juu ya jiwe kwa maji ya marashi, hata utoke uji mzito wa kupaka usoni. Lakini liwa ya siku zile ilikuwa na nguvu kuliko hii yetu. Iliushika uso kama ilivyoukuta. Ikikukaukia umetulia, unabaki umetulia. Ikikukaukia umejikunja, mkunjo ule ni wako mpaka kaburini. Basi kila siku baada ya alasiri mji mzima ulipaka, wake kwa waume, na mji mzima ulinyamaza hadi jua likaribie kuzama. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyelia. Aliyetaka kugombana na jirani yake alingoja kwanza aoshe uso.

Na kwa kuwa uso uliozoea kujikunja asubuhi ungeweza kujisahau ukajikunja alasiri, watu walijizoeza kutoukunja saa zote. Walicheka kwa koo tu. Aliyeletewa zawadi alisema, "Nimefurahi," kwa uso ule ule wa aliyefiwa. Mume akirudi shamba mke alimwambia, "Nimefurahi kukuona," naye akajibu, "Nami nimefurahi," kisha wakala. Ilibidi isemwe, maana haikuonekana.

Aliyelitunza jiwe la liwa katika mji huo alikuwa Bi Mize, mke wa Mzee Vuai. Yeye ndiye aliyesugua, yeye ndiye aliyeonja kwa ncha ya kidole kama uji umekuwa mzito sawasawa, na uso wake ulikuwa wa kwanza kwa uzuri mji mzima. Alikuwa na miaka sabini, na wageni walimdhania mwari. Mwenyewe alijua, wala hakujifanya hajui. Kila asubuhi alijitazama ndani ya sinia la shaba, akajigeuza upande huu na upande huu, akaridhika, ndipo akawasha moto wa chai.

Sasa, mji huo ulikuwa na desturi yake ya watoto. Mzazi na mtoto walikaa ndani siku arubaini, kama tukaavyo sisi. Lakini mtoto hakupewa jina ila baada ya kucheka. Kabla hajacheka aliitwa Mgeni tu, kwa sababu walisema, mtoto asiyecheka bado anafikiria kama atakaa au atarudi alikotoka. Akicheka kabla ya arubaini, hapo hapo hupewa jina na siku ikitimia hutolewa nje kwa shangwe. Asipocheka, arubaini hupita kimya, na watu huanza kumtazama mama yake kwa huruma.

Wengi walicheka. Nyuso za wazazi wao hazikuwaambia kitu, lakini walicheka na vitoto vya mbuzi vilivyorukaruka uani, walicheka na vivuli vya majani vilivyocheza ukutani. Hivyo hakuna aliyewahi kujiuliza watoto hujifunzia wapi kucheka.

Mwaka huo Kazija, binti wa pekee wa Bi Mize, alijifungua mtoto wa kike katikati ya masika. Mvua haikutoa nafasi. Mbuzi walipelekwa bandani, milango ilifungwa, na ukutani hapakuwa na kivuli wala jua. Mtoto akawa hana cha kutazama ila nyuso za wakubwa. Alizitazama, moja baada ya moja, kwa macho makubwa mazito, kisha akageukia ukuta.

Siku ya ishirini ikapita. Siku ya thelathini ikapita. Kazija akaanza kukosa usingizi. Alikuwa na haki yake, maana miaka miwili nyuma alikuwa amekwisha kumzika mmoja, aliyezaliwa naye katika mvua, akaenda zake siku ya arubaini na tatu hana jina. Kaburi lile lilikuwa nyuma ya nyumba, na Kazija hakuwa na neno la kuliitia.

"Mama," alisema siku ya thelathini na tano, kwa uso laini na sauti iliyokatika katikati. "Ananyonya kivivu. Kama yule mwenzake."

Aliyejibu alikuwa wifi wa Bi Mize, Bi Mwatima, dada wa Mzee Vuai, mwanamke asiyeweza kuliona jambo bila kulitia neno.

"Mimi nitasema, mkasirike msikasirike. Mtoto huyu anatuogopa. Kazija tangu ajifungue hapaki vizuri, na hapa kwenye jicho la kushoto ana kimkunjo. Nimekiona."

"Hicho si kimkunjo, shangazi, nimelalia mkeka."

"Mkeka! Mtoto anaona uso unaotikisika kama maji ya mtungi, atachekaje? Angeona nyuso zilizotulia, angetulia naye."

Wakakubaliana, na hapo ndipo walipokosea. Waliona liwa haitoshi. Basi Bi Mize akasugua mpaka viganja vikawaka moto, na kila aliyetaka kuingia chumbani kwa mtoto akapakwa mara tatu, tabaka juu ya tabaka, hadi wakawa kama watu waliochongwa kwa udongo. Mtoto akazitazama nyuso zile siku nne. Siku ya thelathini na tisa hakugeuza kichwa hata alipoitwa.

Alasiri ya siku hiyo mvua ilipumzika. Wanawake wa jirani walikaa ukumbini, migongo ukutani, nyuso zimepakwa, wakingoja kimya kimya. Kazija alizidiwa na uchovu akalala. Bi Mize akamchukua mtoto, akanyoosha miguu mkekani, akamlaza juu yake, akaanza kumkanda kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. Liwa ilikuwa mbichi usoni mwake, tabaka la tatu hata halijaanza kushika.

"Mke mwenzangu," alimnong'oneza bila kufungua midomo, maana bibi na mjukuu wa kike ni watani tangu dunia ianze. "Mume tunaye mmoja, mzee hana meno, na wewe unataka kuniachia mimi peke yangu? Haya nyoosha mguu. Nyoosha, mvivu wee."

Akamkunja magoti hadi tumboni, kama inavyotakiwa, ili upepo utoke. Na upepo ukatoka. Mtoto akajamba. Wala si kishuzi cha kichanga, wanangu. Lilikuwa shuzi la mzee aliyeshiba kunde, refu, lenye kituo katikati na mkia mwishoni. Katika kimya kile cha alasiri lilisikika mpaka ukumbini. Huko mtu mmoja akakohoa, mwingine akakohoa zaidi.

Bi Mize alizuia. Alibana midomo. Kicheko kikamtoka tumboni, kikapanda kifuani, kikakuta koo limefungwa, mdomo umefungwa, kikaendelea kupanda kikitafuta njia. Kikatokea machoni. Hapa pembeni, palipo pembamba kuliko pote, liwa ikaatuka: ta!

Na mtoto akaligeukia lile jicho.

Bi Mize akashtuka. Miaka sabini! Mbio akachovya kidole katika maji, akaubonyeza ule ufa, akautuliza uso wake kama alivyofundishwa na mama yake, maana liwa ilikuwa bado mbichi na ufa ulizibika. Akashusha pumzi. Hakuna kilichoharibika. Kisha akatazama chini.

Alikuwa ameona, kabla hajauziba ule ufa, midomo ya mtoto imeanza kupanda upande mmoja. Kidogo tu, kama mtu anayejaribu mlango kuona kama umefungwa. Sasa midomo ile ilikuwa inashuka. Macho yale makubwa yalimtazama mahali pale pale palipokuwa na ufa, yakangoja, yakaona pametulia, yakaanza kwenda ukutani.

Ndipo Bi Mize alipoelewa. Hakuambiwa na mtu. Alielewa kwamba mtoto huyu hakuwa akiogopa nyuso zao. Alikuwa akizibishia hodi siku thelathini na tisa, na hakuna aliyefungua. Na yule wa kaburini naye alibisha. Liwa ilikuwa inaanza kumkaza mashavuni. Alikuwa na muda wa kuhesabu mpaka kumi, pengine kumi na tano, kabla haijashika.

Akaliangalia sinia lake la shaba lililokuwa limeegemea ukuta, akaiona sura yake mle ndani, nzuri, imetulia. Akalilaza kifudifudi.

"Njoo basi, mke mwenzangu," akasema, kwa mdomo wote sasa. "Njoo ndani. Umekuja na baragumu lako mwenyewe!"

Akacheka. Akacheka kwa macho, kwa makusudi, na liwa ikaatuka pande zote mbili, ta, ta, ta, nyufa zikatawanyika kutoka kila pembe ya jicho kama mizizi ya mchicha. Mtoto akamtazama huku. Akamtazama huku. Miguu ikaanza kupiga. Kisha uso wake wote ukafunguka, fizi tupu, mashavu yakapanda hadi yakayafunga macho, na sauti ikamtoka, ya kwanza ya namna ile kusikika ndani ya nyumba hiyo.

Kazija akaamka kwa sauti ile. Alikuja kwa magoti, akaona, akashika mguu wa mtoto kwa mikono miwili kana kwamba ndipo alipomzaa sasa hivi.

Bi Mwatima naye akaingia mbio. "Kimetokea ni— Mtume! Wifi! Uso wako! Lete maji! Usitikisike, bado hujakauka, lete maji!"

"Wacha, wifi."

"Niwache nini? Umekuwa kama tandu la wali lililogandia chunguni! Watu watasema nini?"

"Watasema nimefurahi," akajibu Bi Mize. "Na safari hii hawataniuliza. Mshike mwanao."

"Mimi simshiki, nina liwa mbichi. Nami sichekeshwi na mtoto wa juzi." Lakini alikuwa amekwisha kupakatishwa, na mtoto, ambaye sasa amejua mlango uko wapi, akamtazama pembeni mwa macho, akangoja. Bi Mwatima akavumilia. Akatazama dari. Akatazama mlango. Akarudi kumtazama mtoto, na kwake mikunjo ikaja mingi kuliko ya wifi yake, maana aliizuia kwa muda mrefu zaidi.

"Haya, ameniharibu," alisema huku machozi yanamtiririka katika nyufa. "Basi jina natoa mimi. Mashavu. Ndiyo niliyoyaona kwanza." Na jina likawa hilo, siku moja kabla ya arubaini.

Wanawake wa ukumbini wakaingia kutazama mtoto anayecheka. Hakuna aliyetoka na uso aliokuja nao. Jioni Mzee Vuai akarudi shamba, akasimama mlangoni na jembe begani, akamtazama mkewe kwa muda mrefu hadi Bi Mize akaona haya akajifunika upande wa kanga.

"Funua," akasema mzee. "Miaka hamsini unaniambia umefurahi, nami nasema labda ni adabu tu." Akasogea, akagusa pembe ya jicho lake kwa kidole chenye udongo. "Kumbe ni hivi."

Siku ya pili Kazija alimtoa Mashavu nje kwa shangwe, mvua na yote. Kisha akazunguka nyuma ya nyumba, akakaa kidogo kwenye kile kikaburi, akakipa jina. Alilokipa halijui mtu ila yeye.

Na tangu alasiri ile ya masika, ngozi ya pembeni mwa macho ikaijua njia ya kicheko, wala haikuisahau. Mama akamrithisha bintiye, binti akamrithisha wake. Ndiyo maana uzee huanzia hapo, kabla haujagusa shavu wala paji la uso. Liwa tunapaka hata leo, na inafaa: bibi harusi hupakwa, akakaa kivulini, na somo wake, yule anayemfunda, humkataza asicheke mpaka ikauke. Anayetaka uso wake ukae kijana, apake, ajikinge na jua, alale mapema. Itauchelewesha uzee. Kuzuia haizuii, maana ile nguvu yake ya zamani ilimwagika yote ndani ya chumba kile.

Nanyi mkimpakata mtoto mchanga mkamwangalia vizuri, mtaona hatazami pua yenu wala mdomo. Hutazama hapa, pembeni mwa jicho, akangoja.