Mkate wa Bi Safura

Imesimuliwa, wajukuu zangu, nami nilisimuliwa na mama yangu huku akisuka ukili wa mkeka, kwamba palikuwa na mji wa zamani, mbali na kwetu, ambao wote uliokea mikate katika tanuri moja. Mwenye kulitunza alikuwa Mzee Ghanim. Kila mama alikanda unga wake nyumbani, akautia alama yake, akaupeleka. Alama ya Bi Safura, mjane mwenye mayatima watatu, ilikuwa kidole gumba kilichobonyezwa katikati.

Katika mji huo aliishi mcha Mungu mmoja, Bi Raihana, na binti yake Lubna. Siku moja Lubna alitumwa kuchukua mkate wao. Njiani akaingia mchezoni, mkate ukamponyoka ukaanguka mtaroni. Akarudi tanurini kwa hofu, akakuta Mzee Ghanim amekwenda kuswali na mkate wa Bi Safura umebaki peke yake. Akauchukua, akaikwangua ile alama, akaupeleka kwao, ukaliwa.

Jioni ile mayatima walilala na maji matupu tumboni. Habari zikaenea kwamba mzee ndiye aliyeula, hata wengine wakawa wanamwuliza usoni kama mkate wa yatima ulimkolea chumvi. Wakubwa wa mji wakaafikiana kwamba Ijumaa, baada ya swala, watamwondoa tanurini. Naye hakuwa na kazi nyingine duniani.

Lubna alingojea radi impige. Akatazama juu, mbingu nyeupe. Akala, akashiba, akalala usingizi. Basi akaanza kudhani kwamba Mwenyezi Mungu hakuona, au aliona asijali.

Asubuhi ya Ijumaa alimkuta mama yake anakanda.

"Mama, eti Mola humkasirikia anayeiba?"

"Humkasirikia, mwanangu."

"Mbona basi hamfanyi kitu?"

Bi Raihana akaufunika unga kwa kitambaa. "Na huu unga mbona siupeleki?"

"Unangoja uumuke."

"Tanuri limezimwa?"

"Hapana. Linawaka."

"Basi anayengoja hajasahau moto. Na hasira Yake, Lubna, si kama yangu mimi nikiungua kidole. Anakasirika kwa ajili ya aliyelala na njaa. Asingekasirika, wale watoto wa Bi Safura wangekuwa na nani? Lakini na huyo mwizi ni mja Wake. Anamngoja, kwa kuwa apenda arudi mwenyewe."

Lubna akalia, akasema yote. Mama yake hakumpiga, wala hakukubali kumfichia. Alikumbuka kwamba na yeye aliula mkate ule, akaomba maghufira. Kisha akamwambia kwamba mkate wa leo ni wa Bi Safura, na maneno atayasema Lubna kwa kinywa chake, mbele ya wale wale waliomtukana mzee.

Watu walipotoka kuswali, walimkuta mtoto amesimama mlangoni pa msikiti, mkate mikononi.

"Mkate niliuchukua mimi," alisema. "Babu Ghanim hana kosa."

Waliokuwa wakicheka jana wakaanza kutafuta viatu vyao. Mzee Ghanim akashusha pumzi. "Alhamdulillahi," akasema. "Mlivyosema sana, nilishaanza kulishuku tumbo langu mwenyewe."

Watu wakacheka kwa haya, wakamwomba radhi mmoja mmoja, na tanuri likabaki mikononi mwake. Bi Safura, aliyekuwa ameitwa, akaupokea mkate, akamega kipande cha kwanza, akampa Lubna.

Wakirudi nyumbani, mtoto alimshika mama yake nguo. "Mama, bado amenikasirikia?"

"Alikuwa anakungoja, mwanangu. Nawe umefika."

Kwa hiyo, wajukuu zangu, mkikosea na mbingu ikakaa kimya, msijipongeze kwa kimya kile. Inukeni mwende, mnangojewa. Mola atujaalie tuwe wenye kufika mapema.