Kisu Kisichojisifu

Sogeeni, wanangu. Siku moja karakanani walikuwepo Kihiyo mwindaji, mkewe Mwanahija, mhunzi Shemweta, na visu vitatu vya uchawi alivyovifua mhunzi huyo. Kesho yake Kihiyo angewinda kwenye msitu wa zimwi, ambalo humla mwindaji asiyemaliza kuchuna mnyama kabla ya magharibi.

"Nichukue mimi, nang'aa!" kikasema kisu cha kwanza.

"Mimi nina mpini wa pembe!" kikadakia cha pili.

Kihiyo akavishika na kuvirudisha tangu asubuhi hadi adhuhuri.

"Baba Sekue, unachagua kisu au unaposa?" Mwanahija akamfokea mumewe. Akampaka ute wa bamia viganjani. "Haya, shika! Ukichuna, mikono huteleza hivihivi."

Cha kwanza kikamponyoka. Cha pili kikamponyoka kikitukana. Cha tatu, chenye mpini mnene wa mti, kikatulia kiganjani kimya.

Kesho yake Kihiyo alirudi nacho, na swala aliyechunwa kabla ya magharibi, na zimwi likalala njaa.