Kioo Chini ya Unyayo

Mtazameni kijana mmoja, wapendwa, mwanafunzi wa uuguzi chuo kikuu. Janga lilipoingia chuo kikafungwa, akarudi kwao na begi lake na koti jeupe ambalo halijaonja hata tone la dawa. Haukupita muda wakatangaziwa kwamba masomo yanaendelea, ila kwa mtandao.

Kijana akacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa cha uchungu, maana uuguzi aliupenda kwelikweli. "Uuguzi kwenye simu?" akamwambia mama yake. "Nitafunga kidonda cha nani? Cha hiyo simu?"

Mama, mjane mwenye kisukari, alikuwa anachambua mchicha. "Penye nia pana njia, mwanangu."

"Nia ipo, mama. Mgonjwa ndiye hayupo."

Tusimhukumu haraka. Mtandao ulikuwa unakatika kila saa, na sauti ya mwalimu ikifika kama ya mtu aliyeingiza kichwa kwenye mtungi. Wewe ungevumilia? Basi akashika ujanja ambao nusu ya darasa waliujua. Anaingia darasani, anazima kamera, anafunga kipaza sauti, anaiegemeza simu kwenye chupa ya chai pale mezani. Jina lake linasomeka kwamba yupo. Mwenyewe huyoo, kwa jirani, kutazama marudio ya mechi ambazo matokeo yake anayajua.

Asubuhi moja alirudi kunywa maji, akakwama mlangoni. Mama yake alikuwa ameketi mbele ya simu, amevua soksi, ameshika kioo cha ukutani chini ya unyayo wake. Mwalimu alikuwa anasema, "Mwenye kisukari miguu hufa ganzi. Anaweza kukanyaga msumari asihisi. Kama yupo hapo nyumbani kwako, mtazame nyayo. Nani ametazama?"

"Mimi nimetazama, mwalimu," mama akajibu, asijue kwamba sauti yake haifiki. "Kuna kidonda. Sijui kimeingia lini."

Kijana akapiga magoti. Kidonda kilikuwa kimeanza kuwa cheusi pembeni, na kilitoa ile harufu aliyoisikia sebuleni siku nyingi akadhani ni ya viatu. Akafungua kipaza sauti kwa mara ya kwanza tangu masomo yaanze. "Mwalimu, nina mgonjwa hapa. Ni mama yangu, ana kidonda unyayoni, kimeanza kuwa cheusi."

"Kifunike kidonda kwa kitambaa safi," mwalimu akasema, "asikanyage chini, na mpeleke hospitali sasa hivi. Usingoje kesho."

Mama hakumgombeza. Afadhali angemgombeza! Alimtazama tu, akauliza taratibu, "Kumbe haya ndiyo uliyokuwa ukifundishwa, mwanangu, na mimi niko hapa hapa?"

Mguu ulisalimika. Vidole viwili havikusalimika.

Sasa, ndugu zangu, naona mnamtikisia kichwa kijana wa watu. Ngojeni kwanza. Milango ya kanisa hili ilipofungwa, sisi tulisemaje? Tulisema huduma imesimama. Tulikaa tukingoja madhabahu, kwaya na vipaza sauti, ndipo tuanze tena kumtumikia Mungu. Na muda wote ule kulikuwa na mtu chumba cha pili. Mke aliyeacha kucheka. Baba mkwe asiyeongeleshwa. Binti anayekula kidogo kila siku, na sisi tunasema ni maringo.

Kijana yule alikuwa na sababu nzuri, na mtandao kweli ulikuwa mbovu. Hata sisi sababu zetu ni nzuri. Lakini hakuna sababu nzuri inayoweza kumrudishia mtu kidole.

Kwa hiyo ibada ya leo siifungi mimi. Mtaimalizia nyumbani. Ukifika, kabla hujauliza chakula kiko wapi, muulize mmoja wa nyumbani mwako anaumwa wapi. Kisha vuta kiti, ukae, mpaka akujibu.